Hodi za Korongoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kwenye hifadhi ya korongo, na getini alikuwepo pimbi mwenye kofia ya sare. Bango lilisema: USIACHE KITU CHOCHOTE BONDENI.

"Umeelewa, mama?" pimbi akauliza.

"Nimeelewa, baba. Hata maganda ya ndizi naweka mfukoni."

Bondeni palikuwa pa kumsifu Muumba. Nguzo za udongo mwekundu zilizochongwa na mvua zilisimama kama minara, na chini yake mashoka ya mawe ya watu wa kale. Nikaona hapa ni nyumbani kwa watu. Nikapiga hodi.

Sauti ikaenda, haikurudi. Nikajaribu kukohoa. Kimya.

Pimbi ananichungulia mdomoni. "Umeacha sauti. Bila hiyo hutoki."

Nami leo jioni ni zamu yangu kusoma mbele ya darasa la watu wazima, mara ya kwanza maishani!

Nageuka, korongo limekuwa darasa letu. Nguzo zimejibana kwenye madawati.

"Mama Atukuzwe," ndefu kuliko zote inasema, "wenzako hupiga picha wakaenda zao. Nyie wa hodi mnatutesa. Wenye nyumba walihama zamani, kabla mvua haijanichonga. Na hodi haibanduki mlangoni mpaka ikaribishwe."

Nikaandika ubaoni: Si ungezikaribisha wewe?

"Mimi nguzo. Umeona wapi nguzo ikipokea wageni?"

Kweli, mlangoni hodi zilikuwa zimejazana, nyingine zimezeeka hapo hapo. Yangu ilikuwa nyuma kabisa, imejitanda khanga yangu.

Bila sauti nitazikaribishaje? Nikaomba moyoni: Baba, nifanyeje? Kisha nikatandika kitenge sakafuni, nikashika birika na beseni la kunawia. Hakuna mgeni asiyeelewa maji ya kunawa.

Wakaingia wakisukumana.

"Tumekaribia!"

"Shangazi, sogea, umenikalia!"

Hodi yangu ikanawa ya mwisho, ikanirudia kooni ikiwa bado imelowa.

"Karibuni!" nikapaza sauti, nikaamka.

Palikuwa pamekucha. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikashukuru kwa sauti yangu yote, nikamaliza: "Amina."

Mume wangu akafunua shuka usoni, akatazama huku na huku chumbani.

"Mama Atukuzwe, hao wote walioitikia Amina, chai itawatosha?"