Siku Mbili Kabla ya Kipimo

Kibanio cha nguo kilikuwa cha plastiki, rangi ya samawati, na kilikuwa kinamshinda. Mama Mkasi alikikazia macho. Kidole gumba kilifika, kidole cha shahada kikafika kwa kujivuta, vikabonyeza. Kibanio kikafumbua mdomo kidogo, kisha kikadondoka chini ya meza.

"Kimefunguka," alisema mtaalamu wa viungo, mwanamke kijana mwenye ukali wa mwalimu wa hesabu. "Jana hakikufunguka kabisa. Tena, mama."

Alijaribu tena. Kwa miaka kumi na tisa mkono huo wa kulia ulikuwa umesukuma mashine ya kukatia vitambaa vya sare, tabaka sitini kwa mpigo, na mstari haukwenda upande hata siku moja. Jina la Mama Mkasi alipewa hukohuko kiwandani, likamganda. Sasa mkono wenyewe ulikuwa unagombana na kibanio cha kuanikia soksi, na alikuwa ameshautukana kimoyomoyo matusi yote aliyoyajua.

"Mkono utarudi kukata?" aliuliza binti yake, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kiti na mkoba wa dawa.

"Ukifanyiwa kazi utarudi. Lakini miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenyewe. Sasa hivi ubongo unatafuta njia nyingine ya kuupata mkono. Ukiuacha, unazoea kukaa bila mkono." Mtaalamu aliokota kibanio. "Na sukari ishuke, na presha. Sukari ikibaki juu kama ilivyokuwa, tutafanya mazoezi haya mpaka tuchoke sote, na mkono utabaki hapohapo."

Wiki saba zilikuwa zimeshapita tangu aanguke. Mtaalamu alifungua droo, akatoa barua, akaishika muda kabla ya kuwapa. Bima ilikuwa imesimamisha malipo ya mazoezi na dawa, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimeandika kwamba kuna jambo la kutatuliwa kwanza.

"Mmeitwa kiwandani saa nane, si ndiyo? Nendeni mkamalize. Mimi nafasi yenu ya kesho sijaifuta," alisema. "Lakini bila barua nyingine hawataniruhusu kuwaingiza."

Kiwandani kila mwaka kulikuwa na siku ya kipimo. Wafanyakazi walipanga foleni mbele ya zahanati ya kiwanda, wakapimwa presha, wakazungushiwa utepe kiunoni, wakatolewa damu. Hakuna mkubwa aliyewahi kutamka kwamba mwenye kisukari anaachishwa. Ila mwanamke mmoja wa kupiga pasi alikutwa nacho, na wiki iliyofuata meza yake ilikuwa na mtu mwingine. Hilo liliwatosha. Tangu hapo wanawake wa ukataji na ushonaji walianza kufunga siku mbili kabla ya kipimo. Siku ya kwanza hawali, siku ya pili hata maji hawanywi, ili damu itoke safi. Wenyewe walikuita kuosha damu, na walicheka sana walipokuwa wakiiosha, maana njaa ya pamoja ina utani wake.

Tarehe ya kipimo ilikuwa siri ya ofisi. Aliyewavujishia ni muuguzi wa zahanati, na kwa sababu hiyo walimwita Msiri. Alikuwa akipita katikati ya meza kama anayekagua sanduku la huduma ya kwanza, akainama na kusema, "Alhamisi, dada zangu. Anzeni kesho." Walimpenda. Mama Mkasi alimkatia sare za shule za watoto wake wote watatu, akazishona mwenyewe siku zake za mapumziko, na Msiri alipotaka kumshukuru alimwambia asimletee mambo ya wageni, wao ni ndugu.

Baada ya kipimo kila mtu alipewa kadi yenye neno moja, ANAFAA, na muhuri.

"Na damu yangu vipi, kaka?" Mama Mkasi aliuliza kila mwaka.

"Wewe ni chuma, dada. Hebu niache niwahudumie wagonjwa."

Basi chuma kilirudi mezani kwake kikanywa chai. Kiwanda kilitoa chai mara mbili kwa siku, imeshatiwa sukari jikoni, tamu ya kukwaruza koo, pamoja na vipande viwili vya mkate mweupe. Mapumziko yalikuwa dakika ishirini, hivyo hicho ndicho kilikuwa chakula cha watu wengi mpaka jioni. Miaka minne ya mwisho alikuwa na kiu isiyokatika, na alikwenda chooni mara nyingi mpaka msimamizi akaanza kumwangalizia saa. Miguu ilimwaka moto. Alidhani ni umri, akajicheka kwamba uzee umemjia bila hata kubisha hodi.

Siku ya kipimo cha mwaka huu, saa nne asubuhi, foleni ilikuwa imefika kwa watu wa pasi. Mama Mkasi alikuwa hajala tangu juzi na hajanywa maji tangu jana. Alikuwa ameinamia kitambaa alipoona mstari wa chaki umekuwa miwili. Akazima mashine. Mkono ukaanguka juu ya meza, naye akautazama akashangaa ni wa nani.

Mwenzake wa meza, ambaye walikaa pamoja miaka kumi na miwili, aliona mdomo wake umekwenda upande, akacheka kwanza, akidhani anatania. Alipoona haurudishi, aliacha kucheka.

"Njaa ya kipimo," mtu alisema, na wote wakaelewa mara moja, kwa kuwa wote walikuwa nayo. Ikaletwa soda ya chungwa. Nusu ilishuka kooni, akapaliwa, nusu ikamwagikia kwenye kola. Msiri akaitwa. Alikuja na glavu mkononi, akamfunua jicho, akalifunika.

"Sukari imeshuka, atakuwa sawa. Mlazeni. Nina foleni huko."

Wakamlaza juu ya marobota ya vitambaa, kwa upole, wakamvua viatu. Alilala hapo kwa muda wa saa tano, akisikia mashine zote zinavyokwenda, akijaribu kusema kwamba upande wake wa kulia haupo.

Hospitalini daktari aliuliza ilianza saa ngapi. Alipoambiwa, aliiweka kalamu chini. Mshipa wa ubongo ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Dawa ya kuiyeyusha ipo, alimweleza binti, lakini ina saa zake, na zimeshapita. Kisha akauliza mama ana kisukari na presha tangu lini.

"Hana," binti alijibu.

"Binti, haya si ya jana." Alimgeuzia karatasi ya majibu. "Sukari, presha, mafuta, vimekaa humu miaka, vinasaidiana kula mishipa. Vingeshikwa mapema kwa dawa na chakula, pengine leo yuko kazini. Hakuna aliyekuwa anampima?"

"Anapimwa kila mwaka."

Daktari aliichukua tena kalamu yake.

Ofisi ya afisa utumishi ilikuwa na kiyoyozi kilichomfanya Mama Mkasi ajifunike mtandio mpaka shingoni. Afisa alikuwa mtu mtaratibu, asiyepandisha sauti. Msiri alikuwa ameketi kando ya ukuta, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Mama Mkasi alimwinamishia kichwa kumsalimu na moyo ukamtulia kidogo. Kama kuna mtu angeweza kusema yote kama yalivyokuwa, ni huyu.

"Karibuni," alisema afisa, akimtazama binti. "Mama anasikia?"

"Anasikia. Muulize mwenyewe."

"Vizuri. Mwambie kampuni imesikitika sana." Akafungua jalada. "Huu ni mwaka wa kwanza tangu tulipoleta mashine mpya ya kupimia damu. Sukari, sita nukta nane. Mwaka uliofuata, saba nukta tisa. Kisha tisa na nusu. Mwaka jana kumi na moja nukta mbili, na presha mia na tisini kwa mia na kumi. Mwambie kipimo hiki hakiangalii mtu amekula nini jana. Kinaangalia miezi mitatu nyuma."

Mama Mkasi alizisikia namba moja moja. Zilikuwa zake, na zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko wa Msiri, mzuri, wa kulala upande mmoja. Kwa hiyo ile kiu yote, zile siku zote za kubana tumbo kwa mkanda na kucheka, havikuwa vimemdanganya mtu. Alihisi aibu kwanza. Hasira ilikuja nyuma yake, taratibu.

"Si-kuambiwa," alisema. Maneno yake yalitoka yamelowa.

"Amesema nini?"

"Amesema hakuambiwa," binti alijibu. "Na kadi zake zote hizi hapa. Anafaa, anafaa, anafaa, anafaa."

"Na alikuwa anafaa. Hakuna mkataji aliyemfikia. Kufaa kazi na kuwa mzima ni mambo mawili, binti." Afisa alitoa fomu. "Hapa kila mwaka anaulizwa kama ana kisukari au presha. Amejibu hapana mara nne, na sahihi ni yake. Bima hailipi mtu aliyeficha ugonjwa."

"Mtu ataficha vipi asichokijua? Namba mlikuwa nazo nyinyi."

"Swali zuri." Afisa alifunga jalada. "Na kama hakujua, alikuwa anafunga kwa nini?"

Afisa alimgeukia Msiri, "Muuguzi."

Msiri alisimama na karatasi. Alisoma kwa sauti moja, kama mtoto aliyekaririshwa. "Mimi, muuguzi wa zahanati ya kampuni, nathibitisha kwamba mhusika alikuwa na kawaida ya kukaa bila kula wala kunywa siku mbili kabla ya kipimo, kwa nia ya kubadilisha majibu. Nimeliona hilo kwa miaka minne. Siku ya tukio pia alikuwa katika hali hiyo, na ndiyo iliyochelewesha kutambuliwa kwa ugonjwa wake."

Mhusika. Hakusema dada, na hakuinua macho. Aliikunja karatasi mara mbili, akaketi. Mama Mkasi alimtazama muda mrefu. Angemwona mwizi anachukua mashine yake asingeumia hivi, kwa kuwa mwizi hajawahi kumwita ndugu.

Alikusanya ulimi. Ilimchukua muda, na binti yake hakumsaidia, alimwacha autafute mwenyewe.

"Nani... alitupa... tarehe?"

Msiri alimtazama afisa. Afisa aliweka kalamu sawa na ukingo wa jalada.

"Amesema nini?"

"Umesikia alichosema," alisema binti.

"Hilo halihusiani na shauri lililo mbele yetu."

Afisa hakushangaa wala hakumgeukia Msiri kumuuliza ni tarehe gani hiyo inayozungumzwa. Hapo Mama Mkasi akajua. Tarehe haikuwahi kuvuja. Ilitoka katika ofisi hii, ikapitia mdomo wa Msiri, ikafika mezani kwao ikiwa imevaa sura ya fadhila. Mgonjwa aliyejulikana angewapandishia malipo ya bima na kutaka dawa na mapumziko. Mgonjwa aliyekuwa anafunga angekata vitambaa mpaka aanguke, na akianguka, kosa ni lake.

"Jalada limeshakwenda bima tangu juzi," alisema afisa. "Leo tumewaita ili isisemwe hakusikilizwa. Aweke dole gumba hapa."

Mama Mkasi aliuficha mkono ndani ya mtandio.

"Andika, amekataa," afisa alimwambia Msiri, na Msiri akaandika.

Walipotoka, ujia wa zahanati ulikuwa umejaa. Kipimo kilichokatizwa siku aliyoanguka kilikuwa kinamaliziwa, na zamu ilikuwa ya ukataji na ushonaji. Wanawake walisimama wameegemea ukuta, midomo imekauka na kufanya magamba meupe. Walipomwona walimzunguka bila kuiacha foleni, wakampa pole, wakamsifu eti amenawiri. Mwenzake wa meza alikuwa wa tatu kutoka mlangoni.

Msiri aliwapita kwa upande mwingine, akaingia zahanati, akavaa glavu.

Mama Mkasi alisema. Alisema kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mate yakamtoka, na maneno hayakufika yote. Binti akasimama mbele yake.

"Mama anasema msifunge. Mashine inaona miezi mitatu, kufunga hakusaidii kitu. Namba zenu za miaka yote yule anazo humo ndani, na ofisi wanazo. Mkianguka watasema mliwaficha. Mwambieni awasomee."

Msiri alitokeza mlangoni, akasema kwa upole, "Kiharusi kinasumbua akili, dada zangu. Msimkasirikie." Kisha akaita, "Anayefuata."

Hakuna aliyetoka kwenye mstari. Wengine walitazama sakafu. Mmoja alimtazama Msiri, akatazama saa ya ukutani, akapangusa midomo. Mama Mkasi alinyoosha mkono wa kulia, vidole vyake viwili vikalishika shati la mwenzake wa meza kwenye kiwiko. Vililishika kweli. Mwenzake alivitazama, machozi yakamlengalenga.

"Najua, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu ulipoanguka najua. Lakini wangu watano wananitegemea, na nimefunga tangu juzi. Usinivurugie leo."

Hakumbandua. Foleni ilisogea, naye akasogea hatua moja mbele, na kitambaa kikatoka chenyewe vidoleni.