Kiti Kilichogoma Kwenda Mbele

Mzee alikuwa amekaa kwenye stuli ya plastiki uani, akimsikiliza mwanawe wa mwisho aliyekuwa ameinama ndani ya gari, nusu nje nusu ndani, kama mtu anayetafuta pete iliyodondokea uvunguni mwa kitanda.

"Bwana Waya, umeona nini huko, au umelala?"

"Naangalia, baba."

"Kuangalia hata mimi naweza."

Jina hilo la Bwana Waya alimpachika siku kijana alipoacha masomo ya uhasibu akaenda kujifunza umeme wa magari. Miaka saba imepita. Kijana ametengeneza magari ya nusu ya mtaa, ana kibanda chake na bango alilolichora kwa mkono wake, lakini baba yake, aliyeendesha malori miaka arobaini, hajawahi kumpa hata taa ya breki aibadilishe. Akitaka fundi, alikwenda kwa wengine, tena kwa kupitia mbele ya kibanda cha mwanawe. Asubuhi hii ndiyo mara ya kwanza kumpigia simu: "Kiti cha gari kimekwama. Njoo na vyombo vyako." Kijana akafunga kibanda, wateja wakibaki wameduwaa, akaja mbio huku moyo ukimdunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Gari lilikuwa la zamani, la enzi ambazo kiti cha umeme kilikuwa kitu cha kuringia. Swichi zake zimepangwa ubavuni mwa kiti: ya kusogeza mbele na nyuma, ya kupandisha, ya kulaza mgongo. Juzi shemeji, mume wa dada yake, aliliazima. Shemeji ni mrefu kama mlingoti, akakirudisha kiti nyuma mpaka mwisho, na tangu hapo kiti kikagoma kurudi mbele. Mzee ni mfupi. Alijaribu kujiwekea mito miwili mgongoni, ikateleza, mguu ukaikosa breki, akashuka akilitukana gari matusi ya kumtukana mtu.

Kijana alipima fyuzi, ikawa nzima. Mwalimu wake alimfundisha kwamba baada ya fyuzi unafungua swichi, lakini yeye alikuwa na mtindo wake. Alipenda kuanza na mota mbele ya mwenye gari, ili mwenye gari asikie. Akachomoa plagi chini ya kiti, akavuta waya mbili kutoka kwenye betri, akagusisha. Mota ikanguruma, kiti kikasogea mbele upana wa kidole.

"Haa!" Mzee aliinuka kutoka kwenye stuli. "Kimelia! Mota nzima hiyo!"

"Nzima kabisa, baba. Ugonjwa uko kwenye swichi."

"Umepima dakika tano tu ukajua?"

"Dakika tano, baba."

Mzee akacheka. "Basi kumbe."

Hayo maneno mawili yalimwingia kijana kuliko sifa zote alizowahi kupewa na wateja. Akafungua skrubu nne za paneli, akaitoa swichi, akaipasua kwa bisibisi nyembamba kwa uangalifu wa mtu anayemenya yai. Alitegemea kukuta vumbi, au shaba iliyoungua. Alikuta kipande cha plastiki nyembamba nyeusi, kimekatwa kutoka kwenye picha ya eksirei, kimepachikwa katikati ya ncha za shaba ili zisigusane. Pembe zake zilikuwa zimeviringwa kwa mkasi.

Mtu mmoja tu mjini alikuwa anaviringa pembe hivyo. Mwalimu wake. Yeye mwenyewe alifundishwa kuviringa hivyo hivyo.

Akakibana kipande kwenye kiganja. "Naomba kunywa maji, baba," akasema, akaingia jikoni.

Dada yake alikuwa anaosha vyombo. Kijana akaweka kile kipande mbele yake, juu ya sahani.

"Hiki nini?"

Dada hakujifanya hajui. Akajifuta mikono. "Punguza sauti."

"Umekwenda kwa mwalimu wangu. Mwalimu wangu! Mkanizunguka wote, na mumeo mrefu yumo."

"Ningekuambia ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Ndiyo maana. Wewe na baba mmetoka kwenye chungu kimoja, sifa kwanza." Akasogea karibu. "Mwezi uliopita alikata kona pale dukani akapita juu ya mkoba wa shule. Mkoba, mdogo wangu. Mtoto alikuwa ameshavutwa na mama yake. Unajua baba aliniambia nini jioni? Kwamba watu wa siku hizi wanatupa maboksi barabarani."

"Si umfiche funguo," kijana akasema.

"Atajua ni sisi. Atakufa na kinyongo. Bora gari limkatae kuliko watoto wake kumkataa. Nilijua hatakuita wewe, hajawahi kukuita. Mafundi wengine nilishawapitia, wote wamekubali kusema wameshindwa."

"Na leo ameniita."

"Leo amekuita," dada akasema, na sauti ikampungua. "Sema umeshindwa tu. Neno moja."

"Unajua neno hilo ni nini kwangu?"

"Najua. Na yule mtoto ana miaka sita."

Kijana akatoka, damu ikimchemka. Alikuwa ameshaamua: ataifunga swichi bila kile kipande, kiti kitakwenda mbele, na wao watafute njia nyingine ya hila zao. Akasimama kwenye mlango wa jikoni, hatua tano kutoka kwa baba yake, jua likimmulika mwili mzima, bisibisi mkononi.

Mzee akageuza uso kumtazama, akakunja macho. "Mwanangu," akasema kwa upole, "hebu mwambie huyo mdogo wako aache kunywa maji, aje amalize kazi. Kumbe anajua, huyu mtoto."

Kijana akaishusha bisibisi.

"Ni mimi, baba," akasema.

"Aa. Jua hili." Mzee akapangusa macho kwa haraka. "Enhe, tayari?"

"Swichi imekufa, baba. Imeungua ndani. Za gari hili hazipatikani tena."

"Imekufa?" Mzee alifikiri kidogo, kisha akapiga paja. "Shida iko wapi? Mota si nzima? Nimeisikia kwa masikio yangu. Kisogeze mbele kwa hizo waya zako, ukiache hapo hapo. Atakayekirudisha nyuma nani? Shemeji yako simpi tena."

Hapo kijana akaona alivyojifunga kwa mikono yake. Angefuata utaratibu aliofundishwa, akaifungua swichi kwanza, mzee asingeusikia ule mngurumo.

"Fanya, basi. Nikuone."

Kijana akapiga magoti. Akazishika waya mbili, akazigeuza: iliyokuwa kulia akaipeleka kushoto. Kiti kikarudi nyuma ule upana wa kidole, kikagota mwisho wa reli. Mota ikaanza kulia kwa uchungu, haina pa kwenda. Hakuachia. Ikalia, ikakoroma, moshi mwembamba ukatoka chini ya kiti na harufu ikajaa uani, harufu ambayo dereva yeyote anaijua.

"Achia!" Mzee alipiga kelele. "Achia, unaichoma!"

Mota ikanyamaza.

"Umegeuza waya," mzee akasema taratibu. "Umekosea, au umefanya makusudi?"

"Nimekosea, baba."

"Fundi wa miaka saba hajui mbele na nyuma?"

"Nimekosea."

Mzee akatoa simu, akaisogeza puani ili aone namba, akampigia mwalimu wa kijana, akaweka spika. Akamweleza yote.

"Mota ikiungua kwenye gari la umri huo, mzee wangu, huo ndio mwisho wake," mwalimu akasema. "Msamehe kijana. Bado anajifunza."

"Kujifunza kwake kumeniponza," mzee akasema, akakata simu. Akamgeukia kijana, akitazama kidogo pembeni mwa uso wake. "Nilikuwa nakwenda kwa mafundi wengine, watu wakinicheka kwamba siamini damu yangu. Sasa nitawajibu."

"Nisamehe, baba."

"Kusanya vyombo vyako. Na kesho kutwa nina kliniki. Dada yako ataniita teksi. Wewe usije."

Kijana akarudi ndani ya gari. Akaifunga swichi, akaipachika mahali pake, akazirudisha skrubu zote nne na kuzikaza moja moja, sawasawa, kama kazi iliyokwisha vizuri.