Kiwanja cha Kukanyaga

Habari za mjukuu wangu nilizisikia pamoja na msitu mzima. Kwetu hakuna simu wala nguzo ya umeme. Mwenye neno la kutuambia hulipeleka kwenye redio ya mji wa Fairbanks, na kila jioni baada ya taarifa ya habari mtangazaji husoma salamu za watu wa porini, na kila mwenye betri anasikiliza. Ukifiwa, wote wanajua. Ukiachwa na mume, wote wanajua, na wengine wameshacheka kabla wewe hujaelewa.

Jioni hiyo nilikuwa nakanda unga wa mkate, na Harlan, mume wangu, anatia msumeno makali kando ya jiko. Mtangazaji akasoma: "Kwa Verna Tuttle, Ziwa Kettleby. Kutoka kwa binti yako Thea. Mtoto amezaliwa, wa kike, sote wazima. Mama, njoo umwone." Kisha akaendelea na mtu mwingine aliyekuwa anaulizwa kama mbwa wake wamepona.

Kwa Verna. Hakusema kwa Verna na Harlan. Tupa ilisimama juu ya jino la msumeno, ikakaa hapo hapo.

"Hongera, bibi," Harlan akasema.

"Hongera na wewe, babu."

"Mimi sikutajwa."

"Ulitaka utajwe kwa lipi?"

Jibu tulikuwa nalo wote wawili tangu Thea alipoondoka, miaka sita nyuma.

Ndege ya barua inayotufikia ina miguu ya kutelezea badala ya magurudumu, na inatua juu ya ziwa lililoganda. Lakini haiwezi kutua kwenye theluji laini, itazama kama kijiko kwenye uji. Kwa hiyo lazima mtu avae viatu vya theluji, vile vipana kama ungo, aende na kurudi, aende na kurudi, mpaka theluji ishikane. Halafu anaiacha usiku mmoja na baridi, na asubuhi ni ngumu kama sakafu. Na desturi yetu ni kwamba anayekanyaga ni yule anayebaki. Msafiri anafunga mizigo, wa kubaki anakanyaga. Hakuna anayekumbatiana wala kuombeana safari njema. Umenikanyagia kiwanja, basi, imeeleweka.

Thea alipotaka kwenda mjini kusomea uuguzi, baba yake hakumkanyagia. Alimwambia msitu uliomlisha unamtosha, na Thea akamwambia msitu haujamlisha, aliyemlisha ni mama. Ni kweli kwamba maneno hayo yaliuma. Lakini asubuhi ya kukanyaga Harlan alikaa ndani, akatia makali msumeno ambao haukuwa butu, na mimi na mtoto tukakanyaga ziwa zima wawili peke yetu. Thea hakulia. Aliponiaga alisema tu, "Mwambie kiwanja nimekimaliza bila yeye." Nilimwambia. Tangu siku hiyo mimi nimekwenda mjini mara tatu, Harlan hajakwenda hata mara moja, na katika nyumba yetu jina la Thea hutajwa na mimi tu.

Basi ilikuwa Machi. Lutz, rubani wa barua, alitazamiwa keshokutwa, na theluji mpya ilikuwa imenifika kiunoni. Nililala nikijiambia nitakanyaga mwenyewe, sitaomba, na sitaki ugomvi. Niliamka kabla ya mwanga, nikatia kuni, nikageuka kuchukua viatu vyangu vya theluji ukutani. Vyangu vilikuwepo. Vyake havikuwepo.

Nilimkuta katikati ya ziwa, anakwenda kwa hatua fupi fupi, moshi wa pumzi unamtoka. Alikuwa amekwisha kumaliza mistari kadhaa, imenyooka vizuri. Nikasema upuuzi ulionijia kwanza.

"Unatembea kama bata mwenye mimba."

"Na wewe umekuja kukanyaga au kuhesabu mabata?"

"Msafiri hakanyagi. Msafiri ni mimi."

"Basi rudi ukafunge mizigo yako, unanichafulia mstari."

Sikurudi. Nikaingia nyuma yake, nikakanyaga pale alipoacha nafasi. Moyoni nilikuwa na furaha kubwa, lakini Harlan ukimwonyesha furaha anatafuta pa kujificha, kwa hiyo nilitazama miguu yangu. Tulikwenda hivyo mpaka jua likatoka juu ya misonobari, tukarudi ndani, tukanywa chai na mkate, tukatoka tena.

Mchana tulipofika upande wa mbali wa ziwa, Harlan akasimama ghafla akainua mkono. Theluji mbele yake ilikuwa na rangi ya kijivu, kama shuka iliyomwagikiwa maji ya kuoshea vyombo. Akatupa hatua moja, mguu ukazama, ukatoka umebeba uji wa barafu.

"Maji," akasema. "Yamepanda."

Theluji ikiwa nzito sana hulikandamiza ganda la barafu, maji ya ziwa yakapenya kwenye nyufa na kukaa juu yake, yamefunikwa, hayagandi. Ndege ikikanyaga hapo miguu yake inashikwa, na ikilala usiku mmoja haitoki mpaka uikate kwa shoka. Harlan akarudi nyuma polepole, akagonga kiatu kwa fimbo mpaka barafu ikaanguka.

"Kiwanja kinaishia hapa," akasema.

"Kifupi mno, Harlan."

"Nakiona."

"Lutz atakataa kutua."

"Lutz hajawahi kukataa kitu ila kuoga. Lete matawi."

Tukakata matawi ya msonobari, tukayachomeka pande zote mbili za kiwanja. Siku ya mawingu ziwa ni jeupe na mbingu ni nyeupe, na rubani hajui theluji iko wapi mpaka imgonge. Matawi ndiyo yanayomwonyesha. Harlan aliyachomeka moja moja, akarudi nyuma kutazama, akarudi kunyoosha lililoinama. Nilimwambia yule ni Lutz anayekuja, si gavana. Akasema yeye anapenda vitu vilivyonyooka. Hiyo si kweli, mimi nimeishi chini ya rafu zake zilizopinda.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimefunga soseji za nyama ya kulungu, chupa mbili za matunda ya porini niliyoyasindika, na kofia ya sufu niliyoifuma tangu Krismasi bila kumwambia mtu ni ya nani. Nikainua kibao cha sakafuni kutoa viazi vya njiani shimoni. Shimo lile lisipopata joto la jiko, viazi vyote huganda, na huo ndio mwisho wa chakula chetu cha masika. Nikakuta viazi vimefunikwa mablanketi mawili, na juu ya mablanketi majani makavu, na juu ya majani gunia. Mtu hafuniki viazi hivyo kama jiko litawaka.

Nilikirudisha kibao mahali pake.

Harlan akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amenyoa. Mume wangu hanyoi kuanzia Oktoba mpaka Mei, na sasa kidevu chake kilikuwa cheupe kama kiazi kilichomenywa, kina majeraha mawili ya wembe, na amevaa shati la mirabaraba ambalo nililiona mara ya mwisho kwenye mazishi ya kaka yake.

"Umefanya nini?"

"Ndevu zinashika barafu."

"Zimeshika barafu tangu unioe."

"Ndiyo maana zimenichosha."

Nilijua. Sijazaliwa jana. Alitaka twende wote wawili, na hakuwa na mdomo wa kusema, kwa hiyo alikuwa amesema kwa wembe na viazi. Nikafikiri, vizuri, atapanda, atakaa kiti cha nyuma juu ya magunia ya barua, hatasema kitu njia nzima, na tukifika mlangoni nitamsukuma mbele. Nilijiona tayari namsukuma. Tukavuta mizigo ziwani kwa kigari cha kuteleza, na mkononi Harlan alikuwa na kimfuko kidogo cha turubai ambacho sote wawili tulijifanya hatukioni.

Lutz akatua vizuri, akasimamisha ndege mbali na mwisho wa matawi. Ni mtu mfupi, mwekundu, na mdomo wake hauna likizo. Alishuka, akamtazama Harlan, akavua miwani.

"Mzee! Unaoa?"

"Toa barua, wewe."

"Mama Verna, huyu kijana umempata wapi? Yule mzee wako umemzika?"

"Yuko chini ya theluji," nikasema. "Huyu ni mdogo wake."

Tukacheka. Kisha Lutz akatembea kiwanja chote, anapiga theluji kwa kisigino, akafika kwenye ukijivu, akatazama miti iliyo mbele yake, akarudi hatua kwa hatua. Safari hii hakuwa anacheka.

"Kimekanyagwa vizuri kuliko vyote nilivyotua mwaka huu," akasema. "Lakini ni kifupi. Na leo hakuna upepo wa kuniinua. Naondoka na mtu mmoja. Nikibeba wawili nitawapandisha juu ya msonobari ule pale."

"Barua uziache," Harlan akasema haraka.

"Hata nikiacha barua na viatu vyangu. Mmoja."

"Ungerudi kesho."

"Kesho kuna theluji, na keshokutwa. Ratiba yangu ya kurudi huku ni wiki mbili, mzee, na hiyo ni Mungu akipenda."

Harlan akautazama ule msonobari. Kisha akasema, "Nani kasema watu wawili? Anayekwenda ni yeye. Mimi nimesindikiza mizigo." Akakisukuma kile kimfuko chake nyuma ya mguu, kama mtoto anayeficha kioo alichokivunja.

Nikapanda. Sitaki mtu anifikirie mwema kuliko nilivyo: nilipanda, nikakaa, nikafunga mkanda, nikafunika magoti blanketi. Nilikuwa namtaka yule mtoto. Nilitaka kunusa kichwa chake, nilitaka Thea aniambie usiku wa kujifungua ulikuwaje, nilitaka kukaa jikoni kwake nimpikie supu na kumlaumu kwa kila kitu. Ni binti yangu mmoja na mjukuu wangu wa kwanza, na aliyeitwa ni mimi. Jina langu lilisomwa msitu mzima ukasikia.

Harlan alikuwa anafunga mizigo nyuma yangu, anavuta kamba mara mbili mbili. Alipomaliza akaja upande wa mlango wangu, akasimama. Alikuwa na damu kidogo kavu kidevuni. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama kiti.

Nikafikiri wiki mbili. Katika wiki mbili ndevu zinaota. Namjua mume wangu: atarudi ndani, atafunua viazi, atawasha jiko, na kufikia safari nyingine ya Lutz kutakuwa na paa la kutengeneza au mtego wa kuangalia. Ujasiri wa Harlan ni kama chapati, ukipoa haupashiki moto. Mimi nitakwenda wakati wowote. Yeye alikuwa na asubuhi ile tu.

Nikafungua mkanda. Nilikasirika, nawaambia kweli, nilimkasirikia yeye, na Thea, na maji ya ziwa, na Lutz na ndege yake ndogo kama baiskeli.

"Panda," nikasema.

"Panda wapi?"

"Harlan Tuttle, usinifanye niseme mara mbili, baridi inaniingia mgongoni. Panda."

"Amekuita wewe."

"Mimi nimemsikia. Sasa namtuma mtu."

"Verna, hata sijui…" Akageuka kumtazama Lutz, kana kwamba Lutz atamwokoa. Lutz alikuwa ameinama anachunguza mguu wa ndege usiokuwa na tatizo lolote.

Nikashuka. Machozi yalikuwa yananitoka, na kwa baridi ile machozi ni usumbufu, yanashika kope. Harlan akaona. Akanyoosha kidole cha glavu akanifuta, akakosa, akanigonga pua. Kisha akapanda, mtu mkubwa vile, akajikunja kwenye kiti. Nikampa kimfuko chake. Nikamfunika blanketi langu magotini. Nikampa na kofia ya sufu mkononi, nisije nikaambiwa imepotelea kwenye mizigo.

"Viazi vifunue," akasema.

"Najua."

"Na bomba la moshi ulisafishe Jumapili, usingoje."

"Najua, Harlan."

"Kuni kavu ziko upande wa…"

"Nani alizipanga?"

Lutz akaingia upande wake, akawasha injini. Theluji ikaruka nyuma ya ndege. Harlan akaushika mlango usifungwe, akainama kwangu, na uso ule usiokuwa na ndevu ulikuwa uso wa kijana niliyemfuata huku msituni na kikaango kimoja.

"Verna! Nikifika nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu! Mwombe umshike mtoto!"

"Na akinifungia mlango?"

"Kaa nje mpaka afungue! Baridi unaiweza!"

Akafikiri. Kisha akaitika kwa kichwa, akauvuta mlango wa ndege, akaufunga mwenyewe.