Uchafu wa Nyota Nyekundu

Asubuhi ile Jua lililipuka, na mchambuzi wa vipimo akaliona kosa lake la miaka miwili.

Mstari wa eksirei kwenye skrini ulipanda ghafla, kisha ukashuka kwa kujivuta. Milipuko ya Jua alishaizoea. Ila siku hiyo chombo cha kulipima Jua kilikuwa na hitilafu, kikatuma kipimo kila nusu saa badala ya kila dakika. Mlipuko mzima ukabaki nukta tatu: moja juu sana, mbili zikiifuata chini. Nukta za namna hiyo alizijua kutoka vipimo vya nyota, ambavyo huja kila nusu saa. Alikuwa akizifuta.

Kazi yake ilikuwa kusafisha vipimo vya nyota kabla ya kumkabidhi Babu Nyota, jina walilompachika mtafiti wa chumba cha pili kwa mvi na ubishi wake. Mzee alishikilia kwamba nyota yake, ndogo na nyekundu, hulipuka kama Jua. Kila mwezi akaletewa mstari ulionyooka, wenzake wakamtania kwamba nyota yake imelala usingizi wa pono. Mwishowe wakubwa waliufunga utafiti. Leo mzee alikuwa anafungasha.

Mchambuzi alifungua faili la vilivyotupwa. Chochote kilichoruka juu ya kiwango alichojipangia mwenyewe, bila kumuuliza mtu, alikiita uchafu, akakifuta pamoja na vilivyokifuata. Akahesabu milipuko kumi na mmoja. Faili hilo hakuna mwingine aliyewahi kulifungua. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe cha kufuta, kikakaa sana. Halafu akachapa kurasa zote.

Babu Nyota alikuwa akifunga boksi la vitabu. Akamwomba amshikie fundo, akamuuliza kama amekuja kusaidia au kulia.

"Mzee, nyota yako inalipuka. Mimi ndiye niliyekuwa naifuta."

Mzee alizipokea karatasi, akazipitia moja moja. Kwenye ya saba akasimama.

"Hii ni wiki ile waliyonicheka mkutanini. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilicheka pia."

"Wakubwa wanakutana saa nane. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako."

Mchambuzi alijua kazi yake ingeweza kuota mbawa. Akasema atawaambia.

Mzee akakalia boksi lake, akaanza tena kutoka ukurasa wa kwanza. Hakumwambia akae, wala hakumwambia aondoke.