Sauti Niliyomwachia Mama

Kwenye meli wananiita Pasi. Wanaodhani ni kwa sababu nafanya kazi chumba cha kufulia wananipendelea; ukweli ni kwamba naunguza. Mtu akinigusa pabaya namrudishia papo hapo, majuto yanakuja baadaye, nikiwa peke yangu na mashuka. Ndivyo nilivyozaliwa. Mama husema hata kilio changu cha kwanza kilikuwa cha ugomvi.

Meli yenyewe ni ya watalii, ghorofa kumi na mbili za starehe. Huko juu wageni wana wifi ya kumwaga. Wanajilaza kando ya bwawa la kuogelea wakiwaonyesha wajukuu zao bahari. Mgeni mmoja alilia, machozi kabisa, kwa sababu mjukuu wake aliganda kwenye kioo akiwa ameachama mdomo, na fundi wa mtandao akaitwa mbio kama daktari. Sisi wa chini tuna makombo. Tunayapata kwenye kipandio cha tatu cha ngazi za jikoni, na mbele ya mlango wa friji kubwa, hapo tunabanana na simu zetu juu. Tukishaingia bahari kuu hata makombo hayo hukatika. Ujumbe wa maandishi unapenya kwa kuchechemea. Kupiga simu, sahau.

Shida yangu ni mama. Ana miaka themanini na miwili, macho yameshazima, na kwake mtu asiyesikika ni mtu aliyekufa. Safari iliyopita mtandao ulikata siku tisa, akaamini nimezama, akagoma kula. Mdogo wangu, fundi cherehani anayekaa naye, alimlisha kwa kijiko huku akimdanganya kwamba nimepiga akiwa amelala.

Safari hii ilikuwa ya siku arobaini, nami nikajiona mjanja. Kabla ya kuondoka nyumbani nilijifungia chumbani, nikajifunika blanketi ili kelele za nje zisiingie, nikarekodi simu arobaini kwenye simu yangu ya zamani, za dakika tatu kila moja. Siyo salamu tupu, bali maongezi. Sisi watu wa meli tumezoea simu zinazochelewa: unasema, unangoja, ndipo jibu linafika. Basi nikarekodi hivyo hivyo, na nafasi zake. "Shikamoo mama." Kimya. "Umeamkaje leo?" Kimya kirefu. "Haya, afadhali. Na goti?" Simu hiyo nikamwachia mdogo wangu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kila siku saa kumi jioni amshikishe mama ile simu na kubonyeza rekodi ya siku hiyo.

Kitu kimoja sikukirekodi. Siku mbili kabla sijaondoka, mama aliniuliza kwa mara ya tano kama nimeshafunga begi, nikamfokea: "Mama, nimechoka na wewe!" Siku ya kuondoka alinipapasa uso bila kusema neno, na mimi kwa kiburi nikabeba begi langu nikatoka. Chini ya blanketi nilijaribu kumwomba radhi, ikanishinda. Niliona ni utovu wa adabu kumwomba mama mzazi msamaha kwa rekodi. Nikasema nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, bandari ya kwanza tu nikishuka. Kwa umri wake nilijua nacheza kamari, na jambo hilo lilininyima raha kila siku iliyopita.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. "Dada, mama anaingia kwenye nafasi zako kama mlifanya mazoezi," aliandika mdogo wangu. Nikajisifu chumba cha kufulia hadi wenzangu wakanichoka.

Siku ya kumi na moja akaandika: "Leo umecheka vizuri." Nikamuuliza nimecheka wapi. "Mama kakuambia alivaa gauni nje ndani asubuhi nzima, ukacheka." Nikadhani ni bahati tu, kicheko kimeangukia mahali pake. Baadaye nikiwa nakunja mataulo nikajiuliza ni kicheko gani hicho. Nani anacheka peke yake chini ya blanketi?

Siku ya kumi na sita: "Dada, rekodi zako si dakika tatu tatu? Ya leo imekwenda ishirini. Umemuuliza mama hali ya kikohozi. Kikohozi kimemuanza jana."

Niliusoma ujumbe ule pale kwenye kipandio, mtu nyuma yangu akinisukuma nimpishe. Nikamwandikia mdogo wangu azime ile simu na atoe betri. Ujumbe ulikaa siku mbili ndipo ukaondoka. Jibu likaja: "Nimeitoa. Betri ninayo mfukoni. Saa kumi mama alinisumbua sana, nikampa simu tupu anyamaze. Ameongea nayo. Dada, na mimi nimekusikia."

Nilikwenda kwa fundi wa mtandao, yule wa mjukuu aliyeganda, nikamwomba aangalie laini yangu. Akatazama kwenye mashine yake akaguna.

"Wewe Pasi unalalamika nini? Hakuna mfanyakazi anayepiga simu kama wewe. Kila siku saa tano asubuhi, dakika ishirini na zaidi, laini iko wazi. Hata mimi sijui unaipataje huku."

Saa tano asubuhi kwetu baharini ndiyo saa kumi jioni ya nyumbani. Nikamwambia saa hizo niko kazini na simu nimeifungia kabatini, ndiyo sheria ya chumba cha kufulia.

"Basi kabati lako lina ndugu wengi," akasema, akacheka peke yake. Nilimjibu neno moja ambalo siwezi kulirudia hapa.

Kesho yake ilipogonga saa tano niliacha mashine ikizunguka nikaenda kufungua kabati. Simu ilikuwa pale nilipoiweka, chini ya kitambaa changu cha kichwa, kioo kimezima. Niliishika, ilikuwa na joto. Nikaiweka sikioni, nikamsikia mama akikohoa. Kisha nikajisikia mimi.

"Mama, siku ile ya begi nilikukosea," ile sauti ilisema. Ilikuwa yangu, ila imelainika, haina haraka. "Sikuchoka na wewe. Nilikuwa naogopa kukuacha, nikaitoa hofu yangu kwako. Nisamehe mama yangu."

Mama akaanza kulia. "Yameisha, mwanangu. Nilikuwa nalisubiri hilo. Nilijua utalisema tu."

"Mama!" nikaita. "Mama, siyo mimi huyo! Mimi niko hapa!" Niliita hadi wenzangu wakaja mlangoni. Mama hakunisikia. Waliendelea kuongea, mama na ile sauti, wakacheka kidogo katikati ya machozi, halafu simu ikapoa mkononi mwangu. Sikuwa naogopa tena wakati huo. Nilikuwa na wivu, wivu mbaya, kwa sababu yale maneno yalikuwa yangu na niliyabeba kifuani siku zote hizo nikiyatafutia mahali.

Siku ya ishirini na nne tukafunga bandarini. Nilikuwa nimeshapanga: nipige kwenye simu ya mdogo wangu mapema kabla ya saa kumi ya nyumbani, kabla yule mwingine hajaingia. Lakini langoni kulikuwa na foleni, na mkaguzi alikuwa akigeuza kila kitambulisho mara mbili kama vile tumekichora wenyewe. Nilipotoka zilibaki dakika sita. Nikasimama kwenye ukuta wa ofisi ya tiketi, jua kali, watu wakinipita na masanduku yao. Simu ikashika kwa mlio mmoja.

"Dada?" Mdogo wangu alikuwa ananong'ona. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Nipe mama, upesi."

Nilimsikia akivuta kiti, akimwambia mama ni dada. Kisha pumzi za mama zikaja, karibu kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi. Mwanao. Niko bandarini."

"Mwanangu hapigi kwa simu hii," akasema kwa upole. "Na bado muda wake."

Nilipiga moyo konde nikayatoa yote, sikuyapanga. Nikamwambia nilimfokea na sikuwa na haki, nikamwambia nilivyomtazama akipapasa mlango siku ile nikashindwa kurudi hatua tatu, nikamwambia mimi ni mjinga mwenye kiburi na nampenda. Sauti yangu ilikuwa imekwaruza kwa kulia na kwa mvuke wa chumba cha kufulia, nilijisikia mwenyewe ilivyo mbaya. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikatiza hata mara moja.

"Pole sana, binti," akasema. "Una uchungu, nakusikia. Lakini binti yangu ameshaniomba radhi, na mimi nimemsamehe, tukalia wote. Sina kinyongo tena na mtu. Haya maneno mpelekee mama yako. Naye anakusubiri."

"Mama, wewe ndiye mama yangu."

"Usikate tamaa. Mama hamkatai mwanawe."

Kwa mbali nikamsikia mdogo wangu akilia, akisema mama, mama, huyo ndiye dada, huyo ndiye wa kweli. Mama akamwambia apunguze kelele, saa imefika. Nikasikia kiti kikisogea. Simu ya mdogo wangu iliwekwa mezani bila kukatwa, nikabaki nimeibana sikioni.

"Shikamoo mama," ikasema ile sauti, tamu, imetulia.

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu tu, kakosea namba," mama akasema. "Masikini, alikuwa analia."