Presha ya Mzee Iliyohamia Tunduma

"Baba yangu hawezi kuumwa kabla mimi sijajua," Gwalugano alimwambia Diana, muuza chai wa sokoni Tunduma, huku akijifunga mkanda wa mashine ya presha mkono wa kushoto. "Kata nzima ya Mbebe, nyumba isiyokosa kipimo hata siku moja ni yetu."

"Na huyo baba yuko wapi?"

"Mbebe."

Diana akautazama mkanda ukivimba. "Kumbe ana mkono mrefu."

Gwalugano akaweka kidole mdomoni, maana zahanati walifundishwa kwamba anayepimwa haongei. Mashine ikapumua, ikaandika 118 kwa 76, na simu iliyounganishwa nayo ikapeleka habari njema kwa Nesi Fides wa zahanati ya Mbebe, kule milimani Ileje: Mzee Nathanaeli, miaka sabini na mmoja, hajambo.

Isidhaniwe kwamba Gwalugano alikuwa mtu mbaya. Zahanati ilipompa mashine ampime mzee kila siku saa moja asubuhi, wiki ya kwanza alimpima baba yake kwelikweli, akapata 168, akapata 172. Kisha msimu wa maharage ukafika, na maharage hayamngojei mgonjwa. Kila Jumatatu ilimbidi ashuke Tunduma kuwauzia wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka, arudi Ijumaa. Mama yake alishafariki. Nyumbani alibaki mkewe, Tupokigwe, aliyemaliza kidato cha nne na kuijua simu kuliko yeye. Ila kwao mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, na wakikaribia kupishana njiani mmoja huingia migombani. Miaka sita Tupokigwe alimpikia mzee yule, na mzee hakuwahi kuisikia sauti yake. Leo amfunge mkanda mkononi? Heri kumfunga chui.

Jirani angeweza kupima. Lakini jirani akipima, sifa nazo zinahamia kwa jirani. Na zahanati walisema wazi: nyumba ikiruka siku tatu, mashine anapewa mgonjwa mwingine. Basi Gwalugano akakaa, akafikiri kisomi. Yeye na mzee wamefanana sura, mwendo, mpaka visigino. Kijiji kizima kinasema hivyo. Kwa nini presha tu ndizo zitofautiane? Akaitia mashine begini.

Wikiendi je, si yuko nyumbani? Yuko, lakini mzee anawahi shamba, na mkono wa Gwalugano ulishazoea.

Nesi Fides akaona maajabu: 172, halafu 118, halafu 120, mwezi mzima. Akampigia simu kwa furaha.

"Kaka Gwalugano, dawa imemkubali mzee! Sasa tumpunguzie. Badala ya vidonge viwili, ameze kimoja."

Hapo palikuwa na nafasi nzuri ya kusema neno. Gwalugano akaiangalia nafasi ile ikipita.

"Asante sana, Nesi," akasema.

Mzee akawa anameza kimoja. Wiki ya pili kichwa kikaanza kumgonga, akalilaumu jua.

Alhamisi moja, lori lenye magunia arobaini ya Gwalugano likazuiwa mpakani, na mnunuzi wake wa Nakonde, upande wa Zambia, ba Moses kama wanavyomwita huko kwa heshima, akazima simu. Gwalugano alikuwa ameshakunywa makopo mawili ya kile kinywaji cha madereva cha kufukuza usingizi. Lakini saa moja ni saa moja. Akajifunga mkanda huku akimtukana ba Moses asiyekuwepo. Mashine ikaandika 179 kwa 110. Akaikung'uta simu kama kiatu chenye mchanga. Ujumbe ulishafika Ileje.

Simu ikaita. "Kaka, mzee anaendeleaje?"

"Yuko hapa, amepumzika."

"Mbona nasikia honi za malori?"

"Redio hiyo, Nesi."

"Asiinuke. Nakuja sasa hivi."

Gwalugano akakodi pikipiki. Njia nzima alimwomba Mungu ampe pancha Nesi Fides. Mungu akampa yeye.

Alipofika, saa saba, mzee alikuwa amelazwa kivulini, macho yamefumbwa, jasho likimtiririka. Nesi Fides alikuwa amempima kwa mashine yake mwenyewe saa tatu: 211 kwa 124. Dawa ameshampa, na gari la wagonjwa liko njiani. Gwalugano akachuchumaa kando ya baba yake. Hii haikuwa presha ya maharage.

"Nilimkuta peke yake, nikajua umekimbilia msaada," nesi akasema. "Umemwokoa, kaka. Bila kipimo chako cha asubuhi, leo tungekuwa tunaongelea kiharusi."

Mtu akisifiwa asichostahili, mdomo humtangulia. "Nilipomshika tu mkono saa moja," Gwalugano akasema, "nikajua."

Nesi akatoa karatasi. "Basi tuwe na uhakika, maana daktari atachagua dawa kwa kuangalia hapa. Zaidi ya mwezi kwenye 118, leo saa moja 179, saa tatu 211. Vipimo vyako vyote ni vya mzee? Nikiandika uongo, dawa inaweza kumuua."

Gwalugano akalitazama begi lake. Akamtazama baba yake.

"Vyote," akasema. "Mkono huu huu."

Nyuma ya ukuta wa jiko mtu akakohoa. Tupokigwe hakutoka, maana hapaswi kutoka, wala hakumsemesha mtu yeyote, maana mkwewe yupo. Alimsemesha kuku.

"Wewe kuku," sauti ikasema, wazi, polepole, "mashine ya nyumba hii ilikuwa Tunduma tangu Jumatatu. Zaidi ya mwezi mzee hajafungwa mkanda. Anayefungwa ni yule mwenye begi. Unasikia, kuku? Vipimo vyote ni vya mwenye begi."

Nesi Fides akaipiga karatasi mstari mmoja mrefu, juu mpaka chini, kisha akanyoosha mkono kudai begi.

Mzee Nathanaeli akafumbua jicho moja. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikuwa ameisikia sauti ya mkwewe.

"Gwalugano," akasema kwa shida, "kuku huyo anajua kusoma kuliko wewe. Mpe begi nesi."