Boriti ya Tatu

Baba alivua kofia.

Winchi ya kuvutia nanga ilikuwa inashuka taratibu kutoka kwenye kreni, imefungwa mikanda miwili, ngoma zake mbili za chuma ziking'aa kama masufuria mapya, na sisi sote tuliokuwa gatini tumenyoosha shingo kuitazama. Baba hakuitazama winchi. Alimtazama mdogo wangu wa kike, aliyesimama omo, mbele ya chombo chetu, akimwelekeza mwendesha kreni kwa kidole kimoja tu: kushoto kidogo, shusha, basi. Mzigo ulipotua bila hata kukwaruza rangi, Baba akavua kofia, akaishika kifuani. Kwa miaka kumi na tisa niliyofanya kazi chini yake sikuwahi kumwona akimvulia mtu kofia. Mimi niliambulia "haya, tuendelee."

Kabla ya siku ile, winchi ya chombo kile ilikuwa mgongo wangu.

Samaki tuliokuwa tukiwafuata walikaa kwenye miamba, eneo dogo tu, pengine upana wa uwanja wa shule. Ukitia nanga moja, chombo kinazunguka na mkondo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Dakika kumi uko juu ya samaki, dakika kumi uko juu ya mchanga mtupu, na mishipi yote imesokotana. Ukitia mbili, moja kushoto na moja kulia, zimeachana kama miguu ya mtu aliyesimama imara, chombo kinatulia. Kila mvuvi analijua hilo. Taabu ni kuzitoa. Nanga mbili, minyororo miwili, kamba mbili ndefu, kwa mikono: watu wanne, saa nzima, na baada ya hapo hakuna anayeweza hata kufunga kifungo cha shati. Kwa hiyo tulitia moja, nikaivuta mimi, na Baba akawa anawaambia manahodha wenzake kwamba mwanawe ana mgongo wa punda. Mabaharia wakalidaka, nikawa Punda. Niliichukua kama sifa. Bado sijui kama ilikuwa sifa.

Mdogo wangu nilimtangulia miaka mitatu. Barua yangu ya kuitwa chuo cha ufundi ilipofika, Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Mmoja lazima abaki na mimi." Nilijiona nimechaguliwa. Usiku sikulala kwa furaha. Yake ilipofika, Baba alimnunulia sanduku la bati na kufuli. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayebaki haulizwi habari. Anayeulizwa ni aliyeondoka: amepiga simu? Anakula vizuri? Atakuja lini? Mimi nilikuwa pale mezani kila siku, kama kikopo cha chumvi. Watu hunyoosha mkono kunichukua bila kutazama.

Sasa alikuwa amekuja, likizo ya wiki mbili kutoka kwenye karakana ya meli alikofanya kazi, na winchi aliyoifufua mwenyewe kutoka kwenye chombo kilichokatwakatwa. Ngoma mbili, kila moja na klachi yake na breki yake, ili uweze kutoa nanga moja bila kuigusa nyingine. Pampu ya haidroli ingechukua nguvu kwenye injini yetu. Alituchorea yote kwa chaki juu ya sitaha, na mabaharia wakachuchumaa kuizunguka ile michoro kama watoto darasani. Kufikia siku ya pili walikuwa wanamwita Fundi. Mimi niliyeshika spana kwenye chombo kile tangu ndevu hazijaota, hakuna aliyewahi kuniita hivyo hata kwa bahati mbaya.

Siku ya tatu akaanza kuikagua sitaha. Alipiga magoti, akawa anagonga ubao mmoja mmoja kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio. Alipofika juu ya boriti ya tatu, upande wa kushoto, akagonga mara mbili. Kisha mara ya tatu.

"Kaka," akaniita, "hapa chini pakoje?"

Nilijua pakoje. Miaka mitatu nyuma, Baba akiwa hospitali kwa macho yake, niliikuta boriti ile imeoza mwisho wake, pale inaposhikana na ubavu wa chombo. Ilitakiwa itolewe yote, kazi ya wiki nzima. Mimi nilichokonoa uozo, nikapachika kipande cha mbao, nikajaza gundi ya kuzibia, nikapaka rangi mara mbili. Baba aliporudi nilimwambia nimekarabati. Akasema haya, tuendelee.

Ningemwambia mdogo wangu. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha usukani, mabaharia wote wamenyamaza wakisubiri, na yeye amepiga magoti pale na nyundo yake, amependeza hata kwa magoti yenye grisi. Nikaona jinsi itakavyokuwa: Fundi amegundua, Punda ameharibu.

"Pako sawa," nikasema. "Nilipatengeneza mwenyewe."

Akanitazama, akatabasamu. "Ukisema wewe, basi." Akahamia kwenye boriti ya nne.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba aliniamini.

Kutoboa matundu ya bolti kulikuwa kazi yangu. Matundu ya mbele yalitoa unga mkavu, mweupe, wenye harufu ya mbao. Tundu la nyuma kushoto, lile lililopita kwenye boriti ya tatu, keekee ilizama kama inaingia kwenye mkate, na unga uliotoka ulikuwa wa kahawia, umelowa. Nilitazama nyuma. Hakuna aliyeniangalia. Nikaupuliza.

Tulitoka kwenda kuijaribu asubuhi ya siku ya nane, bahari imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Tulitia nanga ya kwanza, tukasogea, tukatia ya pili, tukakaza kamba zote mbili, na chombo kikasimama. Nakumbuka ukimya ule. Kilisimama kabisa, miamba iko chini yetu, haisogei. Mpishi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alianza kucheza pale pale na mwiko mkononi. Kabla ya saa sita tulikuwa tumejaza masanduku ambayo kwa kawaida tunayajaza kwa siku mbili.

Baba akataka atoe nanga yeye mwenyewe.

"Mama," akamwambia mdogo wangu, kwa sauti laini ambayo nilidhani ameiacha kwenye utoto wetu, "hii naivuta au naisukuma?"

"Sukuma taratibu, Baba. Hapo hapo."

Nanga ya kulia ikapanda, ikaja juu ikichuruzika maji, ikalala mahali pake bila mtu kuigusa. Mabaharia wakapiga makofi. Baba akamshika mdogo wangu bega, akatugeukia.

"Mnamwona huyu? Huyu amenirithi mimi mtupu!"

Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua nne, mikono yangu inaning'inia, haina kazi. Roho iliniuma mpaka nikahisi ladha yake mdomoni, kama nimelamba betri.

Nanga ya kushoto ilikuwa imekamata mwamba. Kamba ikakaza, omo ya chombo ikainama kidogo.

"Achia, Baba," mdogo wangu akasema. Mkono wake ulikuwa kwenye mpini wa breki. "Tuilegeze kwanza, tusogeze chombo mbele, itachomoka yenyewe."

"Itakuja tu," Baba akasema akicheka. "Mashine hii ina nguvu." Akasukuma tena.

Mguu wake wa kulia ulikuwa nyuma ya winchi, juu kabisa ya bolti ile ya kushoto. Nikaruka. Nilimkumba Baba kwa bega, tukaanguka wote wawili kwenye rundo la kamba, na ndipo mbao ikalia. Nyuma ya winchi ikanyanyuka, bolti ikachomoka na bonge la ubao, mpini wa breki ukapiga juu. Nilisikia mdogo wangu akivuta pumzi. Hakupiga kelele. Mkono wake ulivunjika mahali pawili, juu ya kiwiko na chini yake.

Jioni ile nilikuwa shujaa. Baba alinishika uso kwa viganja vyote viwili mbele ya watu, akasema nina macho ya mwewe, nisingemsukuma asingekuwa na mguu. Mabaharia walinipigapiga mgongoni. Kitu nilichokuwa nimekitamani miaka yote kilikuja chote siku moja, na nilishindwa kukimeza.

Kwa mdogo wangu Baba alikuwa wa baridi. Hakufoka, alisema kwa upole unaouma zaidi. Tulikuwa mezani, Mama akimkatia mdogo wangu nyama vipande vidogo kwa sababu ya plasta ngumu iliyoushika mkono wake.

"Mambo ya karakana kubwa na mambo ya chombo cha mbao ni tofauti," Baba akasema. "Ungemuuliza kaka yako. Kaka yako anakijua chombo hiki."

"Kweli, Baba," mdogo wangu akajibu. "Ningemuuliza tena."

Tena. Baba hakulisikia neno lile, wala Mama. Mimi nililisikia.

Asubuhi yake nilimpelekea chai chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umeegeshwa kwenye mto, anatazama dirisha.

"Kaka, nimekuwa nafikiri," akasema bila kugeuka. "Ulimsukuma Baba kabla mbao haijalia."

Nikaweka kikombe juu ya stuli.

"Kabla," akarudia. "Ulijuaje ni kona ile?"

Aligeuka, akanitazama kwa muda mrefu, na nikaona anapiga hesabu zake zote, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika. Nilisubiri anitukane. Akasema tu, "Kumbe," kisha akaniomba nimsogezee sukari.

Siku mbili zikapita na hakusema neno. Baba alizidi kumwelekezea maneno ya pembeni, naye akayapokea, akakubali, akanyamaza. Ningependa kusema kilichonisukuma kukiri ni huruma, au haki. Sehemu ilikuwa hivyo. Sehemu nyingine, na sijui ipi ilikuwa kubwa, ni kwamba nilimwonea wivu hata ule ukimya wake. Alikuwa anavunjiwa heshima kwa ajili yangu na anaubeba mzigo vizuri kuliko ambavyo ningeweza, na sikutaka awe na hilo pia.

Siku ya tatu Baba akaniambia, "Kesho tunaing'oa hiyo mashine. Tunarudi kwenye mgongo wako." Alisema kama anayenipa zawadi.

Nikamwomba tushuke naye chini ya sitaha. Nikawasha tochi, nikatoa kisu, nikakichomeka kwenye boriti ya tatu. Kiliingia mpaka mpini.

Baba alikitazama kile kisu. "Hii kazi nani aliifanya?"

"Mimi. Ulipokuwa hospitali."

"Na mdogo wako alijua?"

"Aliniuliza, Baba. Nikamwambia pako sawa. Halafu nikatoboa, nikaona, nikanyamaza."

Akaketi juu ya kamba iliyoviringishwa. Mle ndani kulikuwa na joto, na maji ya chini ya chombo yalikuwa yakigonga mbao, pwa, pwa. Nilidhani atanipiga, nilikuwa na miaka thelathini na nane na nilikuwa tayari kupigwa.

"Kwa nini?" akauliza.

Majibu mazuri nilikuwa nimeyaandaa. Lililotoka lilikuwa jingine. "Ulimvulia kofia."

Baba akapandisha mkono kichwani, polepole, kama mtu anayehakikisha kitu chake kipo. Hakuelewa, kisha akaelewa, na nilitamani asingeelewa, kwa sababu uso wake ulizeeka mbele yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema. "Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza."

Alipoinuka aliegemea bega langu ili asimame, akauacha mkono pale muda mrefu kuliko alivyohitaji. "Nenda kamwite mdogo wako," akasema. "Mbele ya wote."

Niliwaeleza mbele ya wote, pale juu ya sitaha, mchana kweupe. Mpishi alitema mate baharini, akaenda zake jikoni, na kwa mwezi mzima alinipakulia chakula bila kunitazama. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Itatakiwa boriti mpya, ya mti mgumu, kutoka ubavu hadi ubavu," akachukua chaki kwa mkono wa kushoto, akaanza kuchora kwa mistari iliyopindapinda.

Tuliijenga kwa siku tisa. Aliongeza likizo. Yeye alikuwa anasema, mimi nafanya: nilikata, nikaranda, nikatoboa, na kila unga uliotoka kwenye tundu nilimpelekea kiganjani aunuse kabla sijaendelea. Mara nyingine alinirudisha mara tatu kwa kazi moja. Wivu haukuisha. Ulikuwepo, umeketi, ila sasa nilikuwa naufahamu kwa sura na nilifanya kazi ukiwa hapo hapo.

Aliondoka kabla hatujaijaribu. Plasta yake ilikuwa na tarehe ya kukatwa huko anakofanya kazi. Tulipotoka, Baba alikaa kwenye usukani, akaniachia winchi. Nanga ya kushoto ikakamata tena. Nikalegeza kamba, nikainua mkono, Baba akasogeza chombo mbele, ikachomoka.

Tukiwa njiani kurudi, mtandao ulipokamata, mdogo wangu akapiga simu.

"Imekwendaje?"

"Vizuri. Zote mbili zimetoka."

"Breki imepata moto?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, Kaka?"

Nilitaka kusema si sana. Nikamwambia asubiri asikate, nikaenda omo kuishika breki kwa mkono.